Mwili wa Kitabu cha Kale

Wengi wenu mmeisoma Safari ya Msafiri, nanyi mwamjua mwandishi wake, John Bunyan, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford. Kazi yake ilikuwa kuziba masufuria na vyombo vilivyotoboka, kama alivyofanya baba yake. Lakini si wote wajuao habari nyingine aliyoiandika katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1666, naye akali kifungoni kwa sababu ya kuhubiri. Asema kwamba zamani za ujana wake, moyo wake ulipokuwa ukisumbuka mchana na usiku kwa hofu ya dhambi, alitamani sana kupata maandiko ya mtu wa kale aliyepita katika majaribu kama yale yake. Ndipo siku moja kikamfikia mkononi kitabu cha Martin Luther juu ya Waraka wa Paulo kwa Wagalatia. Kilikuwa kimechakaa mno, hata kilikuwa karibu kuanguka vipande vipande kwa kugeuzwa tu. Bunyan alifurahi kwamba kitabu cha kale namna ile kimekuwa chake. Akakisoma, akaiona hali yake mwenyewe imeelezwa humo kana kwamba mwandishi alikuwa ameusoma moyo wake, akakiweka juu ya vitabu vyote alivyopata kuviona, isipokuwa Biblia.

Sisi Walutheri twapenda kuisimulia habari hii kwa ajili ya mafundisho yaliyomo, na ni haki. Walakini leo twataka kuuliza swali dogo ambalo watu hawaliulizi: kwa nini kile kitabu kilikuwa karibu kuanguka vipande vipande? Ni kitu gani ndani yake kilichokuwa kimechoka? Maana kitabu kina mwili, kama mtu alivyo na mwili, na mwili huo una mifupa yake, na mishipa yake, na ngozi yake. Asiyeujua hawezi kuutunza. Nasi tulio na vitabu vichache makanisani yatupasa kuujua kuliko wale walio navyo vingi.

Kwanza tuone jinsi maneno yenyewe yalivyofika Uingereza. Mwaka 1531 Luther aliwafundisha wanafunzi wake huko Wittenberg Waraka wa Wagalatia, akinena kwa mdomo, nao waliomsikiliza wakaandika mbio mbio. Aliyeandika vema kuliko wote ni Georg Rörer. Maandiko hayo yakatengenezwa, yakapigwa chapa kwa Kilatini mwaka 1535. Ikapita miaka arobaini. Mwaka 1575 kikatoka London kwa Kiingereza, kwa kibali cha Askofu Edwin Sandys, ambaye wakati ule alikuwa askofu wa mji huo. Wafasiri hawakukubali majina yao yatajwe. Hata leo twasoma kazi yao bila kujua tumshukuru nani.

Mpiga chapa alikuwa Thomas Vautrollier, Mfaransa wa Kanisa la Matengenezo aliyehamia London akaweka mashine zake mahali paitwapo Blackfriars. Alama yake ilikuwa nanga ikishikwa na mkono utokao mawinguni, na kuizunguka maneno ya Kilatini ya kuitaja nanga ya tumaini. Msomaji wa Waebrania 6:19 aelewa mara moja. Mwenyewe alipokwenda kufanya kazi Scotland kwa muda, mkewe Jacqueline ndiye aliyeiangalia kazi ya London. Alipokufa mwaka 1587, mjane huyo akaolewa na Richard Field, aliyekuwa mwanafunzi wa kazi katika nyumba ile, na nanga ikaendelea kuonekana katika vitabu vya Field. Basi kitabu cha Mjerumani, kilichofasiriwa na Waingereza wasiojulikana, kilipigwa chapa na mgeni Mfaransa. Hivi ndivyo vitabu vya imani vilivyosafiri siku zote, na hata Biblia yetu ya Kiswahili ilipita katika mikono ya mataifa zaidi ya moja.

Sasa tuje kwenye mwili. Tuanze na karatasi, maana watu wengi hudhani kwamba kitabu cha kale huharibika kwa kuwa karatasi yake ni ya kale. Sivyo. Karatasi ya siku zile ilikuwa na nguvu kuliko hii yetu. Ilitengenezwa kwa matambara ya kitani, yaani mashati na mashuka yaliyokwisha kuvaliwa na kulaliwa. Matambara yalikusanywa, yakaloweshwa na kuachwa yaoze kidogo, kisha yakapondwa kwa nyundo kubwa zilizoendeshwa na gurudumu la maji, hata yakawa kama uji mwepesi. Fundi akachovya humo chekeche yake ya nyaya, akaiinua, akaitikisa mara mbili tatu. Maji yakatoka chini, na juu ya nyaya ukabaki utando mwembamba. Utando huo ulikandamizwa, ukaanikwa, ukachovywa tena katika mchuzi mzito wa vipande vya ngozi vilivyochemshwa, ili wino wa kalamu usisambae juu yake. Ukiinua jani la karatasi ile mbele ya dirisha utaona mistari ya nyaya za chekeche, na pengine alama ya kinu, kama chungu au mkono au zabibu. Wakati ule Uingereza haikuwa na vinu vingi vya karatasi nyeupe. Iliyo nyingi ilitoka Ufaransa.

Karatasi ya namna hiyo, isipopata maji wala wadudu, hukaa miaka mia nne nayo ikali laini na nyeupe. Karatasi ya miti, iliyoenea tangu katikati ya karne ya kumi na tisa, ndiyo iliyo dhaifu. Nyingi katika hizo zina uchachu ndani yake uzilao polepole, hata zikawa rangi ya kahawia, na kona ikikunjwa inavunjika kama jani kavu la mgomba. Vitabu vya nyimbo vya babu zetu vilivyopigwa chapa juu ya karatasi kama hiyo vimekwisha kuwa vizee, na kitabu cha mwaka 1575 kikali kijana.

Tunataka mwalimu asomaye haya achukue karatasi moja, aijaribu mwenyewe. Aikunje katikati, kisha aikunje katikati tena. Sasa anayo majani manne, yaani kurasa nane. Aandike namba katika kurasa, 1 hata 8, akifunua bila kukata. Kisha aikunjue yote na kuilaza juu ya meza. Ataona upande mmoja una kurasa za 1, 4, 5 na 8, na upande wa pili 2, 3, 6 na 7, tena nusu ya kurasa zimesimama na nusu zimepinduka, kichwa chini. Hivyo ndivyo mpiga chapa alivyopaswa kuzipanga herufi zake za risasi: si kwa taratibu ya kusoma, bali kwa taratibu ya kukunja. Wagalatia ya Luther kwa Kiingereza ilikuwa ya kipimo hiki, karatasi iliyokunjwa mara mbili. Na katika vitabu vya kipimo hiki mara nyingi karatasi mbili zilitiwa moja ndani ya nyingine, zikafanya mkunjo mmoja wa majani manane. Kitabu ni mikunjo mingi ya namna hiyo iliyowekwa mmoja juu ya mwingine.

Herufi zilikuwa nyeusi, nzito, zenye pembe, za jamaa moja na zile za Biblia za kale za Kijerumani ambazo wazee wetu waliziona katika nyumba za wamisionari. Wino ulikuwa masizi na mafuta ya kitani yaliyochemshwa. Mpiga chapa hakuwa na herufi za kutosha kukipanga kitabu kizima, basi alipanga kurasa chache, akazipiga chapa kwa nakala zote, akazivunja, akazipanga nyingine kwa herufi zile zile. Kosa lililoonekana baada ya hapo halikuwa na dawa ila kuliandika katika orodha ya makosa.

Je, fundi wa jalada alijuaje mkunjo upi utangulie? Tazameni chini ya ukurasa katika kitabu cha kale. Mtaona herufi ndogo peke yake, A, kisha A2, A3. Na katika mkunjo unaofuata B, B2, B3. Hizo si za msomaji, ni za fundi. Alfabeti yao ya kazi hii ilikuwa na herufi 23, kwa maana hawakuhesabu J na I kuwa mbili, wala U na V, wala hawakutumia W. Zilipokwisha walianza tena AA au Aa. Tena chini ya kila ukurasa, upande wa kulia, limeandikwa neno moja tu, nalo ni neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Likipatana, kurasa zimefuatana. Lisipopatana, jani limepotea au limewekwa mahali si pake. Msomaji aliyepewa kitabu chakavu aweza kukikagua chote kwa maneno hayo, bila kujua yaliyoandikwa humo. Twaona hii ni hekima kubwa, nasi twasikitika kwamba imeachwa.

Karatasi zilipokauka, kitabu kilikuwa tayari kuuzwa, lakini hakikuwa na jalada. Jambo hili huwashangaza watu. Vitabu vingi viliuzwa katika karatasi tu, au vimeshonwa hafifu, katika maduka yaliyozunguka kanisa kuu la Mtakatifu Paulo huko London. Mnunuzi ndiye aliyeamua kitabu chake kivae nini. Tajiri alichagua ngozi ya ndama iliyolainishwa kwa gome la mwaloni, na mapambo ya dhahabu. Mchungaji wa kijijini alichagua ngozi ya kondoo, iliyo rahisi na yenye kuchunika upesi, au ngozi nyeupe isiyo na mbao ndani, yenye kamba mbili za kufungia mbele. Kwa hiyo nakala mbili za kitabu kimoja, za siku moja, zaweza kuwa na miili mbalimbali kabisa. Hata neno letu jalada lina asili katika neno la Kiarabu lenye maana ya ngozi. Wenzetu wa pwani walikuwa wakivivika vyuo vyao ngozi kabla hatujapata kuona mashine ya chapa.

Fundi alianza kwa kukunja, kisha akaipiga mikunjo kwa nyundo nzito juu ya jiwe ili ilale. Halafu akaipeleka kwenye kiunzi cha kushonea, chenye kamba nne au tano za katani zilizovutwa wima kama nyuzi za mfumaji. Mkunjo mmoja ukawekwa penye kamba, sindano ikaingia mgongoni mwake, ikatembea ndani ya mkunjo, ikatoka, ikaizunguka kamba, ikarudi ndani, hata mwisho. Kisha mkunjo wa pili juu ya wa kwanza, kwa uzi ule ule. Hizo kamba ndizo matuta myaonayo mgongoni mwa vitabu vya kale. Hayakuwekwa kwa urembo. Ncha za kamba zikapitishwa katika matundu ya mbao za jalada, zikapigwa nyundo na kutiwa gundi. Mbao hizo zamani zilikuwa za mwaloni hasa, na katika nchi ya Luther waliendelea nazo siku nyingi, pamoja na ngozi ya nguruwe na vifungo vya shaba. Lakini Uingereza, kwa vitabu vya kadiri hii, walikwisha kugeukia bapa za karatasi zilizogandishwa pamoja. Mwisho ngozi ikapakwa gundi ya unga, ikavutwa juu ya yote.

Neno moja la kando, kwa maana linatupendeza. Ili kuutia mgongo nguvu, fundi alibandika chini ya ngozi vipande vya karatasi au ngozi ya maandiko ya zamani. Naye alivipata wapi? Mfalme Henry wa Nane alikuwa amezifunga nyumba za watawa katika miaka ya 1536 hata 1540, na vitabu vyao vya Kilatini vikauzwa kama takataka. Basi mara nyingi, ukifungua mgongo uliochanika wa kitabu cha mahubiri ya Kiprotestanti, utakuta kipande cha wimbo wa watawa, na noti zake nyekundu na nyeusi, kikiwa kimeushika mgongo wa yule aliyewapinga. Kimekaa humo karne nne na nusu, nacho kimesalimika kuliko ndugu zake waliochomwa moto.

Sasa twaweza kulijibu swali letu. Kitabu hakifi kwa karatasi, hufa mgongoni. Kila mara jalada lifunguliwapo, ngozi hujikunja mahali pamoja, penye bawaba, na kamba zilizo chini yake hujikunja pamoja nayo. Miaka hamsini, miaka themanini, ngozi hupasuka, kisha kamba hukatika moja moja, na jalada hubaki mkononi. Gundi ya mgongoni hukauka, hupasuka, na kuanguka kama unga. Uzi hukatika ndani ya mkunjo mmoja, na mkunjo huo hujitokeza mbele ya wenzake, kona zake zikaliwa na kila mkono upitao. Tena baadhi ya mafundi, kwa kuwa ujira wao ulikuwa mdogo, walishona mikunjo miwili kwa safari moja ya uzi, hata kila mkunjo ukapata nusu tu ya uzi uliostahili. Mikunjo ya mwanzo na ya mwisho hutangulia kuondoka, ndiyo sababu vitabu vingi vya kale havina ukurasa wa jina.

Chapa za Wagalatia ile zilitolewa mara nyingi baada ya 1575, katika 1577, na 1580, na 1588, na baadaye, nasi hatusemi Bunyan alipata ipi. Lakini hata ikiwa ni ya mwisho mwisho, ilikuwa imepita katika mikono ya watu waliosoma kwa haja, si kwa mapambo. Kitabu kisichosomwa mgongo wake haupasuki. Maneno yote yalikuwapo, yakisomeka. Kilichokwisha ni uzi wa senti chache.

Haya tusingeyaandika kama yasingetugusa sisi. Katika usharika mmoja tuliopata kuutumikia palikuwa na kitabu cha ubatizo, kikubwa, kilichoanzishwa na waalimu wa kwanza. Mgongo wake ulilegea, na majani machache yakatoka. Sisi wenyewe tulikubali kipelekwe kwa fundi, tukafurahi kiliporudi na jalada jipya jeusi, zuri, kingo zake zimenyooka kama zilizopigwa kamba. Siku kadha baadaye akaja mama mzee kuulizia jina la mama yake wa ubatizo, kwa sababu alitaka kumpa mjukuu wake jina hilo. Mwandishi wa zamani, kwa kukosa nafasi, alikuwa ameyaandika majina ya wasimamizi pembeni mwa ukurasa. Tukafungua mahali pake. Jina la mama mzee lilikuwapo, na tarehe, na jina la mchungaji. Na pembeni, penye jina la msimamizi, zilibaki herufi mbili tu, «Na». Kisu cha fundi kilikuwa kimechukua mengine. Akatuuliza, «Baba Mchungaji, ni Naomi au ni Nasieku?» Nasi hatukuwa na la kujibu. Fundi alifanya kama alivyofundishwa. Kosa lilikuwa letu, tuliompa kitabu bila kumwambia kilichomo pembeni.

Jambo hili si geni. Kila mara kitabu cha kale kilipovikwa upya huko Ulaya, fundi alizikata kingo ili zilingane, na maandiko ya wasomaji wa kwanza yakapotea nusu nusu. Kitabu kilichovikwa mara tatu chaweza kukosa kichwa cha kila ukurasa.

Basi, waalimu na wazee wa kanisa, jani likitoka katika Biblia ya madhabahuni au katika kitabu cha ubatizo, msilitupe wala kulibandika kwa utepe wa gundi wa plastiki. Utepe huo hupendeza mwaka mmoja, kisha gundi yake hugeuka manjano, hupenya katika karatasi, na herufi zilizo chini yake hufifia. Liwekeni jani mahali pake, mkitazama namba ya ukurasa. Jalada likiachana na kitabu, vifungeni vyote viwili pamoja kwa utepe mpana wa pamba, fundo likiwa mbele, si juu ya mgongo. Lazeni kitabu kikubwa chali, msikisimamishe, kwa sababu uzito wa majani huuvuta uzi. Msikivute kwa kukamata ncha ya juu ya mgongo. Mkiwa na gundi, iwe ya unga mwepesi uliopikwa, nayo iwe kidogo, kwa maana mende huipenda. Na mkimpelekea fundi, mwandikieni katika karatasi mbali, mkaitie ndani ya jalada mbele: «Kishonwe upya kwa uzi. Kingo zisikatwe.»